Diski nyuma, sawa. Na freni ya mukono iko wapi?

Wandugu watumikaji, na nyinyi ba shofere mnaotubeba asubuhi na mangaribi, leo hatutasema juu ya mushahara wala juu ya primu ya mwisho wa mwaka. Tutasema juu ya ponti ya nyuma ya gari.

Ku upande wetu wa migodi, kati ya Likasi na Kolwezi, watu wengi hawapandi bisi ya kampuni yenyewe. Wanapanda gari ya sutretansi: Land Cruiser pick-up, mabenchi mawili nyuma, bashi juu, watu goti kwa goti. Nyingi ni HZJ75, gari za miaka ya 1990. Moteri yake, ile 1HZ ya dizeli, silendri sita, litri 4,2, kila fundi anaijua sawa vile anajua jina la mama yake. Moteri ile haifi upesi. Na shida inatoka palepale: juu moteri haifi, gari haitupwi, na vitu vingine vyote vinazeeka chini yake bila mutu kuangalia. Freni ni kitu cha kwanza. Mbele gari ile iko na diski, nyuma iko na tamburi.

Sasa ba patron wamoja wa sutretansi wamepata dawa yao. Wanatafuta ponti ingine ya nyuma, ya okazioni iliyotoka ku gari ya karibu zaidi, ao ya kutengenezwa na watu wengine, hapana kiwanda cha gari. Ponti ile iko na diski. Wanatoa ya zamani, wanafunga ile, wanapaka rangi nyeusi, kisha ku mukutano wa usalama wanatuambia: gari imekuwa mupya, diski kwa miguu yote ine, mupige mikono.

Sisi ba delege hatupigi mikono kwanza. Tunauliza freni ya mukono iko wapi. Na mara nyingi jibu la kwanza ni kimya.

Tuseme wazi: hatukatai diski. Mutu aliyefungua tamburi ya gari ya mugodi mwezi wa 2, katikati ya mvua, anajua anakuta nini ndani. Udongo mwekundu umekauka sawa matofali, garnitiri zimekwaruzwa, chuma ya tamburi imechimbwa mistari. Tamburi ni sanduku, kinachoingia hakitoki. Ukivuka maji, garnitiri zinalowa na shofere anapiga pedale mara mbili, mara tatu, gari haisikii. Diski iko wazi. Maji yanarushwa inje na muzunguko, joto linatoka upesi, na fundi anatoa mugurudumu tu, anaangalia na taa, anaona plaketi imebakia unene gani. Juu ya gari inayoshuka rampe ya shimo mara nyingi kwa siku, joto ni jambo kubwa. Tamburi ikipata moto inapanuka, inakimbia garnitiri, na pedale inashuka chini. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea plaketi. Ile ni faida ya kweli, hatutaificha.

Lakini diski haifanyi kazi sawa na tamburi, na ndipo mambo yanaanza kuharibika ku garaji. Ndani ya tamburi, garnitiri ya mbele inavutwa na muzunguko wenyewe: gurudumu likizunguka, linaisukuma garnitiri iingie zaidi. Freni inajisaidia. Diski haijisaidii hata kidogo. Plaketi inabana paka kwa nguvu ile inayoletwa na mafuta ya freni. Ndiyo maana pistoni ya etriye iko nene. Tuseme pistoni ya tamburi ni milimetri 22 na ya etriye ni milimetri 45: ukihesabu eneo, ile ya pili inazidi ya kwanza zaidi ya mara ine. Pistoni nene inataka mafuta mengi. Pompi ya freni iliyowekwa na kiwanda ilipimwa juu ya diski mbele na tamburi nyuma, sio juu ya diski ine. Ukiiacha vile, inaweza kutokea pedale inakwenda mbali sana mbele ya kushika, na siku mafuta yakipunguka kidogo ku chupa, inafika chini kabisa. Fundi mwenye akili anapima pompi kwanza. Fundi mwenye haraka anasema "itazoea". Pedale haizoei.

Kuko kitu kingine kidogo ndani ya pompi zingine za zamani, ao ku mudomo wake: valvi inayobakiza presha kidogo ndani ya tuyo ya nyuma hata mutu akiacha pedale. Ku tamburi ile presha ni ya lazima, inasaidia mipira ya silendri isinyonye hewa. Ku diski ile presha ni sumu. Plaketi zinabakia zimegusa diski saa yote, gari inakuwa nzito, mazoti inaliwa, na nyuma inatoa harufu ya kuungua. Tumesikia ba shofere wakisema "ponti mupya inakaza, itafunguka". Haitafunguka. Ile valvi inatakiwa itoke.

Tunarudi nyuma kidogo, juu kabla ya kununua ponti mutu anapaswa kujiuliza kama tamburi yake iko na ugonjwa kweli. Gari nyingi zenye sifa ya "nyuma haishiki" shida yao si tamburi. Ni mupira wa kuzuia mafuta ku mwisho wa ponti, ile mafundi wanaita spi. Ukichoka, mafuta ya diferansiyeli yanatembea ndani ya ponti mpaka ku garnitiri. Garnitiri yenye mafuta ni sabuni. Ao tena hakuna mutu aliyekaza garnitiri tangu miezi, zimeisha nusu na pistoni inatembea safari ndefu ya bure. Spi mbili, garnitiri mupya, kukaza vizuri: kazi ya siku moja. Inagarimu kidogo sana kuliko ponti nzima, na haihitaji mutu kujigamba ku mukutano.

Bon, patron ameamua, ponti imefika. Kitu cha kwanza ni kuhesabu meno. Gari hii iko na ponti mbili, mbele na nyuma, na diferansiyeli zote mbili zinatakiwa kuzunguka hesabu moja. Kama mbele iko na taji ya meno 37 na pinyoni ya meno 9, hesabu ni 4,11. Kama ponti ya kununua iko na meno 43 kwa 10, hesabu ni 4,30. Ku barabara ya lami, bila kruizo, ni kusema bila kushika magurudumu ya mbele, hutasikia kitu. Kompteri ya mwendo tu itadanganya. Lakini siku ya matope, shofere akishika nguvu za mbele, ponti mbili zinaanza kupigana, na kitu kinavunjika, ao boate ya transferi, ao kardani. Meno yanahesabiwa mezani, mbele ya kufunga. Haikuliwi hata saa moja.

Kisha ekru. HZJ75 inafunga gurudumu na ekru sita. Land Cruiser zilizoifuata tangu 1999, zile 78 na 79, zinafunga na ekru tano, na duara yake ni ingine. Patron akichukua ponti ya 79 akaiweka chini ya 75, gari inakuwa na ekru sita mbele na tano nyuma. Watu wanacheka, lakini mufikiri vizuri: gurudumu la akiba ni moja. Likipasuka la upande usiofanana nalo, gari inalala porini na watu wake kati ya Fungurume na Kolwezi, usiku, ku barabara ya malori ya shaba. Ao fundi anatoboa matundu mapya ku chuma iliyoisha kutobolewa. Ile tunaikataa bila mazungumuzo. Janti nazo zinatakiwa kujaribiwa: janti ya zamani ya inchi 15 inaweza kugusa etriye. Unaweka janti kwa mukono, bila mupira, unazungusha. Kama inakwaruza, simama pale.

Sasa tufike ku sudiri, ni kusema kuunganisha chuma kwa moto, juu hapa tumeona mambo ya kuogopesha. Etriye inashikwa ku ponti na kipande cha chuma kinene. Ponti ikiwa ilitoka ku kiwanda na diski, kile kipande kiko pale tayari. Lakini mutu akichukua ponti ya tamburi na kutaka kuigeuza, anatengeneza kipande kile mwenyewe. Njia nzuri ni kukifunga na bulo palepale sahani ya tamburi ilifungwa, juu pale chuma ilitengenezwa kubeba nguvu za freni. Njia mbaya ni kukichomelea ku tuyo ya ponti. Moto unapinda tuyo kidogo, hutaona kwa macho, lakini ruluma zitaona na spi pia. Na ile sudiri inabeba nguvu zote za kusimamisha gari. Ikiachana, etriye inazunguka pamoja na gurudumu, inakata fleksibli, mafuta yanamwagika. Bulo yenyewe isiwe ile ya kuokota ku meza. Bulo iko na namba ya nguvu ku kichwa chake: 8.8, 10.9. Bulo bila namba ni ya kufunga kiti, sio etriye.

Na etriye iko na upande wake. Kila moja iko na ekru ndogo ya kutolea hewa, na ile ekru inatakiwa kuwa juu, juu hewa inapanda. Fundi akibadilisha ya kuume na ya kushoto, ekru inakuja chini, na hata akitoa hewa tangu asubuhi mpaka jua lishuke, pedale itabakia laini sawa mukate. Tuliona gari moja imebadilishwa pompi mara mbili juu ya kosa lile. Hakuna aliyeangalia etriye.

Ku shasi ya pick-up nyingi za aina hii kuko valvi moja yenye fimbo ya chuma inayoshuka mpaka ku ponti. Watu wengi hawajui kazi yake. Gari ikibeba uzito, lami zinashuka, shasi inakaribia ponti, fimbo inasukuma valvi, na freni za nyuma zinapata presha zaidi. Gari ikiwa wazi, nyuma inapanda, valvi inapunguza presha ili magurudumu ya nyuma yasikamatwe na gari isigeuke upande. Ponti ya kununua mara nyingi haina mahali pa kufungia fimbo ile. Basi fimbo inafungwa na waya ku shasi, ao inatupwa, ao tuyo inapitishwa moja kwa moja bila valvi. Ikifungwa chini, gari iliyojaa watu kumi na tano haina freni za nyuma za kutosha, uzito wote unaangukia diski za mbele. Ikipitishwa moja kwa moja, gari wazi inarudi toka kushusha watu, mvua imenyesha, shofere anapiga freni mbele ya mutoto aliyevuka, na nyuma inakuja kuwa mbele. Hapa ni maisha ya shofere, na ni maisha ya ule mutoto pia.

Tunafika sasa ku jambo lililotufanya tuandike.

Freni ya mukono ya gari ya zamani inavuta garnitiri za tamburi kwa kamba ya chuma. Ukitoa tamburi, umetoa freni ya mukono pia. Etriye nyingi za diski hazina kitu chochote cha kushika gari ikisimama: zinashika paka wakati mutu anakanyaga pedale. Basi ponti inaingia, kamba inakatwa ao inakunjwa na kufungwa na waya, na mukono wa freni ndani ya kabini unabakia pale kama pambo. Shofere anauvuta, unapanda mpaka juu, haushiki kitu.

Njia za kufanya vizuri ziko, na si siri. Ponti zingine za diski ziko na tamburi ndogo ndani ya diski yenyewe, ya freni ya mukono tu. Ile ni nzuri sana, kamba ya zamani inaweza kurefushwa ao kufupishwa ikaifikia. Kuko etriye zenye mukono wake mudogo, kamba inavuta na pistoni inabana. Hizi zinataka kukazwa vizuri na mara kwa mara, juu zikiachwa hazishiki gari nzito. Na kuko njia ya tatu, ya wazee: freni moja ku kardani, nyuma ya boate ya transferi. Land Cruiser za kwanza, zile FJ40, zilikuwa nayo. Land Rover inaishika njia hii mpaka Defender, na wakati kiwanda kilipotoa tamburi za nyuma na kuweka diski, freni ya mukono haikuguswa kabisa, ilibakia ku kardani palepale. Njia ile inashika nguvu sana, sababu inapita ku meno ya diferansiyeli. Lakini shofere aifundishwe: ukiinua gurudumu moja la nyuma na kriki, diferansiyeli inaachia gurudumu lile lizunguke, na gari inaweza kutembea ikaanguka toka ku kriki. Mawe mawili ku magurudumu ya mbele, kila mara, bila kubishana.

Dawa ingine tunaikataa: ile valvi ndogo ya kufungia presha ndani ya tuyo. Shofere anakanyaga pedale, anageuza valvi, presha inabakia, gari inasimama. Wanaiita freni ya mukono. Mafuta yakipoa, presha inashuka. Mupira mumoja ukivuja kidogo, presha inashuka. Gari inasimama saa ya kula, na inaondoka yenyewe saa watu wanalala chini ya kivuli chake.

Na wale wanaosema "weka vitesi ya kwanza, inatosha", tufanye hesabu pamoja. Pick-up yenyewe na watu wake inafika tani tatu bila shida. Rampe ya shimo la wazi inaweza kuwa na mutelemuko wa 10 kwa 100. Pale gari ya tani tatu inavuta kushuka na nguvu ya kilo 300 hivi, dakika zote, bila kuchoka. Inashikwa na nini? Na jino moja ndani ya boate na upepo ndani ya silendri. Mutoto akigusa levye, ao vitesi yenyewe imechakaa na inaruka, kilo 300 zile zinaanza kazi.

Ku sutretansi moja, hatutaitaja jina, wakati wa kiangazi kilichopita, gari ya namna hii iliwekwa juu ya atelie, ku mutelemuko, jiwe chini ya gurudumu. Ponti ilikuwa ya diski, nzuri, inang'aa. Jiwe liliteleza. Gari ilishuka peke yake mpaka ku tangi ya maji na kuipasua. Ilikuwa saa ya kula, hapakuwa mutu. Ku tangi ile ndipo ekipi ya asubuhi inanawa mikono mbele ya kupanda. Raporti iliyoandikwa kisha ilisema kosa ni la shofere, hakuweka jiwe kubwa. Shofere alipewa barua ya kuonywa. Mutu aliyeamuru gari itoke ku garaji bila freni ya mukono hakuandikiwa kitu. Sisi tulikataa kuweka sinyatire ku raporti ile, na barua ya shofere ilitolewa ku dosie yake nyuma ya wiki tatu za kubishana. Wiki tatu! Kamba ya freni ya mukono ingefungwa kwa siku moja.

Tunajua ba patron wa sutretansi watasema nini. Watasema feza haitoshi, kampuni kubwa inawakaza bei, anayeomba bei ndogo ndiye anapata kontra. Ni kweli, na tunawaelewa zaidi kuliko wanavyofikiri. Sheria ya sutretansi ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017, iliyopatia watu wa hapa nafasi ya kazi ile, sisi pia tuliifurahia. Lakini kontra ya kubeba watu yenye bei isiyoweza kununua freni si kontra, ni kuwahamishia watumikaji hatari. Kwa hiyo tunaiambia kampuni kubwa pia, ile inayolipa: ku karatasi ya kontra muandike hali ya gari, sio tu namba ya viti. Ku mulango wa mugodi gari zenu wenyewe zinapimwa kila asubuhi. Ya sutretansi inapimwa bendera na gilet tu. Migodi mingine ya dunia imefika mbali: ku Australia kuko Land Cruiser za chini ya ardi zenye freni zilizofungwa ndani ya mafuta, udongo hauingii, na zingine zinashika zenyewe kwa nguvu ya resori kama presha ikipotea. Hatuombi vile. Tunaomba mukono wa freni unaoshika.

Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002 inasema juu ya komite ya usalama na usafi ku kazi. Ile komite ina wajumbe wetu ndani. Isiwe ya kuandika raporti kisha ajali. Tunachotaka ni hiki: gari inayobeba watumikaji ikibadilishwa ponti ao freni, isibebe mutu hata mumoja mbele ya komite kuiona. Fundi aje mwenyewe aeleze alifanya nini ku pompi, ku valvi ya uzito, ku kamba. Fundi mwenye kazi nzuri anapenda kuulizwa, tumeona vile; anafungua mikono, anaonyesha bulo zake moja kwa moja. Kriki iinue shasi, ponti ining'inie chini kabisa, na tuone fleksibli haivutiki. Gari ijaribiwe wazi, kisha ijaribiwe na mifuko ya mucanga yenye uzito wa watu kumi na tano, hapana na watu. Ikipigwa freni ya nguvu ku udongo, magurudumu ya mbele yakamatwe mbele ya yale ya nyuma. Kisha ipandishwe ku rampe, ivutwe mukono, vitesi iwe ku bure, ikae pale saa moja wakati watu wanakunywa maji. Kichwa kiangalie chini, kisha kigeuzwe kiangalie juu, juu freni ya mukono inaweza kushika upande mumoja na kuacha mwingine.

Mafuta ya freni yabadilishwe siku ile yote, hapana kuongeza. Mafuta yale yanakunywa maji ya hewa. DOT 4 mupya inachemka ku digri 230 na zaidi. Ikiisha kunywa maji inaweza kushuka mpaka 155. DOT 3 inaanzia 205 na inashuka mpaka 140. Diski za nyuma zikipata moto wa rampe, mafuta ya zamani yanachemka ndani ya etriye, na muvuke haubani kitu. Litri moja ao mbili, ile ni bei ya chakula cha mangaribi.

Na ba shofere, neno moja kwenu. Tunajua mnaogopa. Kontra yenu ni ya miezi mitatu, mukisema gari haishiki, kesho kiti kinapewa mwingine. Kwa hiyo ku mazungumuzo yanayokuja tunaweka jambo hili mezani, pembeni ya mushahara: shofere aliyesimamisha gari juu ya freni, na kuandika sababu ku kaye ya gari, asiguswe kontra yake mpaka komite iangalie. Kaye ile muiandike kila siku, hata kama hakuna anayeisoma. Ku mambo ya tangi ya maji, mustari mumoja wa shofere, ulioandikwa siku tano mbele, "mukono haushiki", ndio ulimwokoa.

Ile gari bado iko ku garaji. Wanangojea kamba na tamburi ndogo za ndani, zinatoka Lubumbashi, tunaambiwa wiki ijayo, na wiki iliyopita tuliambiwa wiki ijayo. Kwa sasa ekipi yetu inabebwa na nduguye, 75 ingine ya patron uleule, ya tamburi, yenye spi mupya na garnitiri mupya. Tuliipandisha ku rampe siku ya posho tukavuta mukono. Ilikaa.